Mafundo Matatu na Garantie ya Miaka Kumi

Daktari wa magoti aliziangalia picha zangu kwenye mwanga kama mtu anayechagua shati la mtumba, kisha akaniambia: "Monsieur, haya magoti garantie yake imekwisha." Nikacheka peke yangu hadi nesi akaja kuchungulia. Daktari wa watu hakujua neno hilo amemwambia nani. Miaka ishirini na saba nimepiga magoti mbele ya chaudière za Brussels, zile mashine za kupasha nyumba joto, kuliko bibi yeyote aliyepiga magoti kanisani. Na neno lililokuja kunitoa kazini ndilo lile lile lililonitesa nikiwa kazini.

Basi nimeacha kazi nikiwa na miaka hamsini na sita, na ninyi vijana mnaoshika bisibisi baada yangu mmeniomba niandike kidogo. Ninyi ndio mnaoniita Tonton Moto, yaani Mjomba Moto, na jina hilo sikujipa mwenyewe. Tuseme nilisaidia tu lisisahaulike. Shule nilifika darasa la nne kule Uvira. La tano nilipita mbele ya mlango wake, nikasalimia, nikaenda zangu. Mambo ya nani alipanda cheo sitayaandika, kwa sababu nilikuwa bosi wangu mwenyewe na nilijipandisha cheo kila Jumatatu.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja Mbelgiji, Papa Jef. Ujanani mwake alikuwa fundi wa mashine za kukausha majani ya chai kule Kivu, na Kiswahili chake alikitoa huko kiwandani, kwa hiyo kilikuwa cha amri tupu. Leta! Shika! Fungua! Funga! Ngoja! Sikumsikia hata siku moja akisema sentensi yenye maneno matano. Hata mke wake alipojifungua mjukuu, yaani binti yao alipojifungua, Papa Jef alinipigia simu akasema, "Mutoto! Kuya! Kunywa!" Nikaelewa kila kitu: mtoto kazaliwa, njoo tunywe.

Siku yangu ya kwanza aliniteremsha kwenye chumba cha chini cha nyumba moja Ixelles. Mle ndani kulikuwa na chaudière ya chuma cha zamani, kubwa kama kifaru aliyelala. Nilikuwa nimevaa ovaroli mpya na nilitaka kuonekana. Nikaanza kuzungusha skrubu ya kwanza niliyoiona. Papa Jef akanipiga kofi mkononi, akatoa bisibisi ndefu yenye mpini wa mti, ncha akaiegemeza kwenye chuma, mpini akanisukumia sikioni.

"Sikia!"

"Nasikia, Papa."

"Nini?"

"Kelele."

Akaninyang'anya bisibisi. "Kesho."

Wiki mbili nzima sikufungua skrubu hata moja. Nilisikiliza tu, kama mtu anayepeleleza majirani. Ukisikia filimbi, kuna hewa kwenye mabomba. Ukisikia mtu anagonga mlango, kuna tope. Ukisikia glu-glu-glu, maji yanatafuta njia na hayaioni. Siku ya kumi na tano nilimwambia, "Papa, huyu ana hewa, na pampu inazeeka upande mmoja." Akanipa bisibisi ile moja kwa moja, na ninayo hadi leo. Akanipa pia sentensi yake ndefu kuliko zote: "Sikia mbele, fungua nyuma." Kule kwetu maana yake ni wazi: kwanza sikiliza, kufungua kutafuata. Mngeniuliza nini nilisomea, ningejibu hayo maneno manne. Diploma yangu inakaa sikioni.

Zamani hizo garantie, ile ahadi ya kiwanda kutengeneza bure kikiharibika, ilikuwa kitu kidogo. Chaudière ikinunuliwa, mwaka mmoja au miwili ni ya kiwanda, halafu inakuwa ya mtaa. Nikipita barabarani nilikuwa nahesabu madirisha: hii yangu, hii yangu, ile nayo itakuwa yangu kabla ya Krismasi. Kisha zikaja mashine mpya, nyeupe, ndogo, za kutundikwa ukutani kama kabati la sahani. Zikaja na garantie ya miaka mitano, halafu saba, halafu dix ans, miaka kumi nzima. Na mbele yake kibandiko chekundu: asiyeidhinishwa na kiwanda asifungue.

Na mimi kwa kibandiko hicho nilifanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu. Nalisimulia kwa sababu ni moja tu. Fundi mwingine angekuwa na mengi.

Kule Auderghem, karibu na msitu, anakaa padri mmoja mstaafu, Padri Lambert. Alifundisha shule Kivu miaka mingi, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu, jambo ambalo hakuwahi kuliacha lipite. Aliniita asubuhi moja ya baridi. Nilimkuta amevaa makoti mawili na kofia ya sufu.

"Padri, chaudière yako iko na kufa," nikasema.

"Inataka kufa," akasema huku meno yakigongana.

"Kitu yangu ya kupimia iko kwenye gari."

"Kitu changu. Kimo garini. Hiki kibandiko chekundu kinasemaje, mwanangu?"

Mimi Kifaransa cha maandishi madogo huwa nakiheshimu kwa mbali. Nikamwambia, "Kinasema karibu." Nikakichana. Ndani nikakuta waya umelegea, nikaukaza, dakika kumi moto ukawaka, Padri akavua koti moja akanibariki. Niliendesha gari hadi nyumbani nikiimba.

Miezi miwili baadaye mashine ile ile ikapasuka moyo, kile kipande cha ndani ambamo moto hukutana na maji. Hiyo haikuwa kazi ya waya wangu. Moyo ulitoka kiwandani na ufa. Mtu wa kiwanda akaja, akaona kibandiko kimechanika, akafunga begi lake bila hata kulifungua. Garantie kwisha. Nilimtafutia Padri moyo mwingine mwenyewe na nikaufunga bila kumwomba hata kahawa, lakini Padri alitikisa kichwa.

"Ulitengeneza waya, ukavunja dhamana," akasema. "Kosa hilo lina kitubio chake."

"Salamu Maria ngapi, Padri?"

"Hakuna Salamu Maria. Utakuja hapa kila Alhamisi jioni tusome ngeli za Kiswahili."

Nilidhani ni mzaha. Nilikwenda miaka minne. Kiswahili hiki mnachosoma hapa, kilichonyooka kama bomba jipya, hamjui kwamba ni adhabu. Pale ndipo nilipofundishwa kwamba garantie kwa Kiswahili ni dhamana, na Padri akaniuliza kama nalijua neno hilo. Nikamwambia sana, binamu yangu aliwahi kutolewa mahabusu kwa dhamana. Nikafikiri kidogo nikaongeza: "Lakini Padri, mtu akipata dhamana anatoka nje. Mbona chaudière ikipata dhamana inafungwa miaka kumi?" Padri alicheka hadi akasahau kunisahihisha.

Ndivyo kazi ilivyobadilika. Simu zikawa za ajabu. "Tonton, kuya uangalie, lakini usiguse." Fikiria kumwita mganga umwambie akutibu kutoka barabarani! Mafundi wenzangu wengine walifunga kazi, mmoja akaenda kuuza matairi. Mimi nilikaa chini nikatafakari, na akili yangu, ambayo haikuchoshwa na shule, ikaniambia hivi: garantie ni ya sanduku. Na sanduku peke yake halipashi nyumba. Kuna mabomba, kuna radiatori, kuna maji yenyewe, kuna bomba la moshi, kuna kile kidude cha ukutani cha kupimia joto ambacho betri yake hufa kila mwaka na kila mwaka watu hulia kama kimekufa kiumbe. Ndani ya sanduku ni yao. Nje ya sanduku ni yangu. Na niwaambie vijana: shida nyingi ziko nje.

Tena kisomeni kile kitabu cha garantie, ninyi mliosoma. Vingi vinadai mashine isafishwe kila mwaka na iandikwe kitabuni, na maji ya mabomba yawe safi. Soma ni nani anayeruhusiwa. Mara nyingi fundi mwenye cheti anaruhusiwa hata kama hakutoka kiwandani, na mteja hajui. Yeye ameona rangi nyekundu tu. Mwonyeshe mstari kwa kidole. Piga picha kabla hujagusa. Na mkumbushe kwamba garantie hulipa kipande. Baridi ya kungojea kipande hailipi mtu.

Sasa nije kwa Maman Vumilia. Habari yake nimeibeba miaka saba bila kumwambia mtu, na anayenijua anajua kwamba kwangu mimi hiyo ni kama kubeba radiatori kwa meno.

Maman Vumilia ni mama wa Bukavu, anakaa Berchem, ghorofa ya tatu, na ni sauti ya kwanza katika kwaya yetu ya Kiswahili. Kwake kila kitu kipya kinabaki kipya. Viti vina plastiki yake ya dukani, rimoti ina plastiki yake, na chaudière yake, iliyokuwa na miaka mitatu ukutani jikoni, bado ilikuwa na ile plastiki nyembamba ya kiwandani. Juu yake alikuwa ameivika kitambaa cheupe alichokishona mwenyewe, chenye maua. Nilimwambia mara mia kwamba mashine ya moto haivai kitambaa. Alijibu kwamba hata mimi navaa.

Jumatatu moja ya Januari akanipigia simu. Binti yake Nadine alikuwa amejifungua mapasa kabla ya wakati wao, vitoto viwili vidogo kama mikate. Hospitali ilikuwa imesema wataruhusiwa kwenda nyumbani Ijumaa kama nyumba ina joto. Kama haina, watabaki. Na chaudière ilikuwa imezima usiku ule. Kiwanda kilipopigiwa, kilimchezea muziki robo saa kisha kikamwambia fundi wao atakuja baada ya siku tisa.

Nilipofika alinifungulia mlango amevaa vikwembe vitatu, vitenge vya kwetu, na jaketi, mkononi ameshika mwiko.

"Tonton, bonjour. Acha bisibisi hapa kwa mlango."

"Maman, bisibisi ndiyo mimi."

"Minakuambia, haiguswe! Garantie iko ya dix ans, imebakia sept. Ile ya Padri wa Auderghem nilisikia."

Mnaona? Kosa moja, na lilikuwa limeshavuka jiji zima hadi Berchem.

"Sasa nitaitengeneza namna gani bila kuigusa?"

"Weye si ulisimama mbele ya bantu bote nyuma ya misa, ukasema hakuna chaudière ilishakushinda? Bon. Ishinde na macho."

Ni kweli nilisema hivyo. Nilisema hivyo Jumapili nyingi. Nikaingia jikoni na mikono nyuma kama polisi wa zamu. Kulikuwa na hita moja tu ndogo ya umeme ya kupasha chumba, nayo ikiwashwa pamoja na birika la umeme, taa za nyumba nzima zinazimika. Nikaangalia ile saa ya chini inayoonyesha nguvu ya maji: sawa. Gesi: jiko linawaka, kwa hiyo ipo. Kidude cha ukutani: betri nzima. Kwenye kioo cha mashine kulikuwa na herufi moja na namba mbili zinawaka na kuzima, yaani nimekasirika, niulizeni kwa nini.

"Maman, niruhusu niisikilize."

"Na masikio, ndiyo."

"Bisibisi inashikamana na sikio langu, ni kiungo kimoja."

"Itagusa garantie."

"Haitaigusa. Itagusa plastiki."

Akafikiri. Akaikagua mashine upande huu na upande ule na mwiko wake. "Plastiki iko yangu," akakubali. "Haiko ya compagnie. Gusa plastiki."

Mimi niliyemcheka kwa plastiki ile miaka mitatu! Nikaegemeza ncha polepole, nikatia mpini sikioni, nikamwomba abonyeze mwenyewe kile kitufe cha kuwasha upya, ambacho kitabu kinamruhusu mwenye mashine. Akakibonyeza kwa ncha ya mwiko. Mashine ikavuta pumzi, ikajaribu kuwaka, na mle ndani nikasikia: glu-glu-glu. Tak. Kimya.

Maji yanatafuta njia na hayaioni.

Mashine hizi mpya hutoa majimaji yake, tone kwa tone, kutoka kwenye moshi unaopoa. Yanapita kwenye mrija mdogo chini ya sanduku hadi kwenye bomba la sinki. Mrija ukiziba, maji yanarudi juu na mashine inajizima kabla haijazama. Mrija huo uko wapi? Nje ya sanduku. Wangu! Lakini nilipotazama chini ya sinki niliona tundu lake tu. Mrija wenyewe haukuwepo. Nikainuka nikanyoosha mgongo, na hapo nikaona dirishani makopo sita ya pilipili. Maman Vumilia hulima pilipili zake jikoni, na huzigawa kanisani moja moja kama komunyo. Zote sita zilikuwa zimekufa, majani ya njano.

"Maman, pilipili zilikufa lini?"

Mwiko ukashuka. Huyu mama anayeweza kuimba hadi kengele zikanyamaza, sasa akanong'ona.

"Tonton, baridi."

"Baridi ni ya jana. Hizi zimekufa mapema."

Akavuta kiti, plastiki ikalia chini yake. "Nikikuambia, compagnie haitasikia?"

"Kwangu haitasikia."

"Apa."

Nikaapa, kwa haraka, bila kufikiria ninachoapa. Ndipo akasema yote. Aliona maji yanadondoka pale chini, mazuri, meupe kama ya mvua. Akasema kutupa maji ni zambi. Akauchomoa mrija kwenye sinki, akautia kwenye jagi, akawa anamwagilia pilipili. Pilipili zikafa moja moja. Ni kweli yanaua. Maji yale yana ukali kama ndimu, mimea mingi haiyapendi. Lakini yeye alifikiri jambo lingine.

"Nikasema, hii mashine inakojoa sumu! Na mapasa banakuya hapa! Nikafunga ule mrija, sumu isitoke."

"Ulifunga na nini?"

"Na kipande ya kikwembe. Mafundo tatu."

"Juu ya nini hukuniambia tangu mlangoni?"

"Tonton, kitabu inasema mwenyewe akigusa mabomba, garantie inakufa. Miye ndiye niligusa!" Akaanza kulia. "Nilifunga sumu juu ya batoto. Sasa njo batoto banabaki hospitali juu yangu."

Sikucheka. Nasema ukweli, sikucheka, nilicheka baadaye ndani ya gari. Nilipiga magoti, wakati huo bado yalikuwa magoti, nikaingiza mkono nyuma ya sabuni na ndoo, nikaupata mrija umekunjwa na kufungwa kwa kitenge cha maua ya bluu. Mama wa Bukavu akifunga kitu, amefunga. Huwa wanafunga mizigo ya kuvuka ziwa. La kwanza lilinichukua dakika tano na meno. La pili nililegeza kwa ncha ya bisibisi ya Papa Jef. La tatu lilijifungua lenyewe, na maji yote ya mashine yakanishukia ndani ya mkono wa shati, yakapita kwapani, yakatokea soksi.

"Sumu!" akapiga kelele Maman Vumilia. "Tonton, unakufa?"

"Maman, mimi si pilipili."

Nikaurudisha mrija kwenye tundu lake la sinki, nikaukaza. Kisha nikasimama mbali, mikono juu, wasije wakasema. "Sasa bonyeza weye. Kidole cha mwenye garantie." Safari hii aliacha mwiko, akabonyeza kwa kidole. Mashine ikavuta pumzi. Fuuuu. Moto. Radiatori ya jikoni ikatoa ule mlio mdogo wa chuma kinachoamka, na Maman Vumilia akaikumbatia kama ndugu aliyeshuka ndege.

Kibandiko chekundu hakikuguswa. Sanduku halikufunguliwa. Sijui fundi mwingine katika Brussels, hata katika Ubelgiji yote, hata huko zinakotengenezwa mashine zenyewe, ambaye angeponya chaudière kupitia plastiki na pilipili. Ijumaa mapasa waliletwa wamefungwa kama sambusa mbili, wakalala jikoni karibu na radiatori, wakatoa jasho.

Na mimi sikuweza kumwambia mtu!

Baada ya siku chache akaja kijana wa kiwanda, kama walivyoahidi, na yunifomu iliyopigwa pasi. Akaikuta inafanya kazi. Akaigonga-gonga, akaandika kwenye kitabu "rien à signaler", yaani hakuna la kusema, akapiga muhuri, akaondoka. Dakika kumi. Na Maman Vumilia, ili mtu asiulize kilichotokea, akawaambia watu wa kwaya kwamba kijana huyo ndiye aliyeitengeneza.

Jumapili ile nilisimama nje ya kanisa na kahawa yangu. Basi mmoja wetu, ambaye amekula kwangu mara nyingi, akanigusa bega: "Tonton Moto, umesikia wale wa kiwanda? Dix minutes! Batu banajua kazi." Nikameza kahawa ya moto yote kwa mara moja. Mwezi ule wateja watatu walihama wakasema sasa watangoja wa kiwanda, wale ni wepesi.

Nikaenda kwa Padri Lambert Alhamisi, nikamweleza kila kitu, nikamwomba aniruhusu kuvunja kiapo kidogo tu, hata nusu.

"Huyo mama aliungama kwako?" akauliza.

"Aliungama, Padri. Na machozi."

"Basi umefungwa. Siri ya maungamo haina mwisho."

"Padri, lakini garantie ina mwisho. Imebaki miaka saba."

Akakuna kidevu. "Basi miaka saba. Na ulisema 'batu banajua kazi'?"

"Nilikuwa nanukuu."

"Watu wanajua kazi. Rudia."

Miaka saba. Niliponya mengine mengi, kwa masikio, kwa pua, na mara moja kwa kumfukuza njiwa kwenye bomba la moshi. Nilisema yote kanisani kila Jumapili. Lakini kila nilipoyasema, nilijua zuri kuliko yote liko tumboni. Nilikuwa naandika kwenye kalenda ya jikoni kwangu, mwaka kwa mwaka: sita, tano, nne. Mke wangu alifikiri nahesabu miaka ya pensheni.

Mwezi wa tano mwaka huu mapasa walipata komunyo yao ya kwanza. Garantie ilikuwa imekufa Jumanne ya wiki ile ile. Nilijua tarehe kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Katika sherehe, ukumbi umejaa, Maman Vumilia akashika maikrofoni. Nilishusha uma.

"Bandugu, kuna kintu nilificha," akasema. "Garantie yangu imekwisha, sasa naweza kusema. Batoto bangu balikuya ndani ya nyumba ya moto juu ya Tonton Moto. Si juu ya ule kijana wa compagnie. Miye nilifunga chaudière na kikwembe, mafundo tatu, na yeye..."

"Matatu!" ikapanda sauti kutoka kwenye kiti cha magurudumu. Padri Lambert, zaidi ya miaka tisini, alikuwa amelala tangu supu. "Mafundo matatu!"

"...mafundo matatu, na yeye akafungua yote, garantie haikuguswa. Na akanyamaza. Sept ans!"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa miaka saba kwa kusimama kule. Nilifunga kifungo cha koti, nikainua mkono kidogo, hivi, kama mtu anayesema msijisumbue. Kisha yule yule aliyenigusa bega siku ya kahawa akasema kutoka meza ya nyuma, taratibu, akitaka kuhakikisha ameelewa:

"Donc... alifungua fundo tu?"

Ukumbi mzima ukaanguka kwa kicheko. Hata mapasa. Hata Padri. Nikakaa. Kilichowashangaza si fundo. Wote, mmoja mmoja, walikuja mezani kwangu kuniuliza swali lile lile: "Tonton, kweli weye ulinyamaza sept ans? Weye?" Walinishika mkono kama mtu aliyetoka kwenye ajali mzima.

Kesho yake Maman Vumilia akanipigia simu. "Tonton, kuya. Na bisibisi. Sasa iko yako."

Magoti yalikuwa tayari yameshapewa barua ya daktari, lakini nilikwenda. Nikapanda ghorofa tatu kwa mapumziko manne. Miaka kumi nilikuwa nikiitazama ile mashine kupitia plastiki kama mtu anayetazama keki dirishani. Nikashika kona ya plastiki.

"Polepole! Usipasue!"

Nikaibandua polepole. Chini yake ilikuwa nyeupe kama siku ilipozaliwa. Nikafungua mfuniko. Kila kitu mahali pake, moto wa bluu unawaka kimya. Nilikaa dakika nzima naangalia tu. Kisha nikachukua kile kitabu, nikatafuta ukurasa wa yule kijana, muhuri wake na "rien à signaler" yake, na juu yake, palipobaki nafasi, nikaandika kwa kalamu, herufi moja moja, kwa ngeli zote: *Kabla yake alipita fundi, akafungua mafundo matatu.* Nikatia sahihi.

Nikaelekea kuchukua brashi nisafishe ndani.

"Unafanya nini?"

"Nasafisha, Maman. Garantie imekwisha."

"Inatembea?"

"Inatembea, inafanya kazi vizuri sana."

"Alors funga. Kintu chenye kutembea hakiguswe. Utasafisha wakati yake ikifika." Akaniletea gundi ya karatasi na mkasi. "Na urudishe plastiki."

Hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho katika jiji hili, vijana: kubandika plastiki ya zamani juu ya chaudière isiyo na garantie, kona nne, bila kikunjo hata kimoja. Hakuna atakayeibandika vizuri vile. Maman Vumilia alipitisha kiganja juu yake, akaridhika.

"Na weye, kazi yako hii, garantie miaka ngapi?"

"Dix ans, Maman."

"Na magoti je?"

"Nitakuja na kiti."